Siku Tuliyofunga Sailensa Mpya

Mtu asinieleze habari za bahari mimi. Watu wakisikia tulikuwa tukiishi ndani ya mashua ya tanga wanafumba macho na kusema, "Loo, raha iliyoje!" Raha! Waje waniulize mimi niliyekuwa nikilala kichwa karibu na injini ya dizeli kuukuu, nguo zangu zote zikinuka moshi, hata ile ya kuendea harusini. Lakini ilikuwa nyumba yetu. Hatukuwa na mwenye nyumba wa kutusumbua, na kila rafu na kila msumari uliokuwamo tuliugongelea sisi wenyewe. Nyumba nyingine hatukuwa nayo. Hilo nataka lieleweke mapema, kwa sababu baadaye kuna watu walitupa pole kama watu waliopoteza kitu cha kuchezea.

Mume wangu pale gatini walimwita Dereva. Maisha yake yote aliendesha malori ya masafa marefu. Alipostaafu, wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, yeye akanunua mashua. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alitununia karibu mwaka mzima. Alisema mdogo wake amerogwa, na hakuficha kwamba mchawi anamjua, ni yule anayekula na mdogo wake sahani moja. Mimi nikacheka tu. Wakati ule nilikuwa bado na nguvu za kucheka.

Taabu ilianza pale mashua za watu zilipozama zikiwa zimefungwa pale pale gatini, wenyewe hawapo. Wakubwa wa bandari wakatoa agizo: kila chombo kiende mpaka kwenye boya na kurudi kwa injini yake yenyewe, mbele ya afisa. Kisichoweza, kinavutwa kupelekwa ng'ambo ya pili, kwenye uwanja wa kuvunjia vyombo. Afisa aliyeletwa kwetu alikuwa kijana mpole, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Naomba muiwashe niisikie."

Sasa injini yetu ilikuwa na madeko. Haikuwaka kwa mguso mmoja. Dereva aliishughulikia kama alivyoshughulikia malori yake asubuhi za baridi: anabonyeza starta, habandui kidole, injini inazunguka na kulalama, inazunguka na kulalama, mpaka mwisho inaitika. Siku ile ilimtoa jasho. Ilipoitika, moshi ukajaa ndani hata hatukuonana, na chini kabisa ya mashua, kule kwenye ngama, nikasikia maji yakichuruzika kama kawaida yake. Afisa alitoka nje anakohoa, machozi yanamtoka.

"Mzee, hii itawaua mkiwa usingizini," akasema. "Sailensa imeoza."

Kwa asiyejua, sailensa ni lile pipa dogo lililo nyuma ya injini. Kwenye mashua kama yetu, injini huvuta maji ya bahari ili isichemke, kisha maji yale na moshi vinapita pamoja ndani ya sailensa na kutupwa nje kwa nyuma. Ya kwetu ilikuwa ya chuma, na kutu ilikuwa imeila. Ilivuja moshi, ilivuja maji. Miaka mingi nilikuwa nikipiga magoti kuchota maji ya ngama kwa kopo huku naitukana. Sijui kama kuna kitu nimewahi kukitukana vile.

Afisa akatupa mpaka mwisho wa mwezi. Tuweke sailensa mpya, kisha tumwonyeshe mashua inatembea. Dereva akamwomba muda zaidi, akaongezwa kidogo, na kijana akasema hapo ndipo uwezo wake ulipoishia.

Fundi wa pale bandarini, rafiki wa Dereva anayeniita shemeji, akatutafutia sailensa. Ilikuwa ya plastiki ngumu, nyeusi, imetolewa kwenye chombo kilichopanda mwamba, lakini yenyewe nzima kabisa. Dereva aliijaza maji, akaifuta nje, akaiweka juu ya gazeti tukaitazama kama watu wanaoangulia mayai. Gazeti halikulowa hata kidogo.

"Mtu na mali yake," akasema, anaipapasa.

"Hebu acha kuibembeleza, unanitia wivu," nikamwambia.

Kazi ya kuifunga niliifanya mimi. Mle nyuma ya injini hapaingiliki ila kwa kupitia kabati la chini ya sinki, tena kwa ubavu, na Dereva ana tumbo.

"Ukiingia wewe itabidi tuibomoe mashua kukutoa," nilimwambia. Kwa hiyo yeye akabaki mlangoni kunipa spana na mawaidha. Spana nilizipokea.

Jamani, kazi ile nisiikumbuke. Bolti zilikuwa zimeshikana na kutu, moja ikakatikia mkononi mwangu. Mpira mnene wa kupitishia moshi ulikuwa umegandana na chuma, ukakataa kuvutwa, ukakataa kuzungushwa, mwisho nikaukata kwa kisu cha jikoni huku unga wa kutu unanimwagikia machoni. Chujio la dizeli nalo lilikuwa limekaa njiani, likabidi lifunguliwe na kusogezwa. Nilipotoka na sailensa ya zamani kifuani nilikuwa mweusi mpaka kwenye meno. Chini yake, kwenye mshono, palikuwa na tundu la kuingiza kidole gumba. Dereva akaiinua, akaweka jicho kwenye tundu.

"Nakuona," akasema.

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Tulicheka kwa sababu tuliamini yameisha.

Mpya ikaingia vizuri. Tulilowesha ncha za mpira kwenye maji ya moto zikalainika, nikapaka sabuni, nikasukuma kwa bega, nikakaza klipu mbilimbili kila upande. Fundi akapita kuangalia, akaingiza mkono, akapapasa, akasema nimefanya kazi ya watu.

"Lakini msiiwashe bila mimi, shemeji. Mmefungua chujio, hewa imeingia kwenye njia ya dizeli. Kesho asubuhi nakuja, tunaitoa hewa pamoja, tunaiwasha."

Kesho yake ilikuwa ndiyo siku ya mwisho kabla afisa hajaja. Asubuhi ikapita bila fundi kuonekana. Tukaambiwa ameitiwa chombo kilichokwama nje ya bandari. Dereva akawa anatembea juu ya mashua mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka vikombe vikawa vinalia kabatini.

"Mimi nimetoa hewa kwenye malori katikati ya pori, usiku, na tochi mdomoni," akasema. "Leo nishindwe na kiinjini hiki?"

Na mimi niliona ana haki. Kutoa hewa hata mimi nilikuwa nimemwona akifanya. Unalegeza nati za pale dizeli inapoingilia kwenye injini, mwenzako anazungusha starta, povu linatoka. Povu likiisha ikabaki dizeli tupu, unakaza. Basi. Nani hawezi?

Nikajipenyeza tena mle ndani na spana. Dereva akakaa juu kwenye starta.

"Tayari?"

"Piga!"

Injini ikazunguka. Povu likatoka pembeni ya nati, jeupe, jingi.

"Vipi?"

"Bado ina hewa. Endelea!"

Akaendelea. Betri ilikuwa imechajiwa ikajaa, inazungusha kwa nguvu kweli. Povu likawa linapungua, kisha linarudi. Nikakaza nati moja, nikalegeza nyingine. Endelea. Endelea. Nilikuwa nimelalia kiwiko pale pale ambapo siku zote maji yalikuwa yakinidondokea, na kiwiko kilikuwa kikavu. Nakumbuka nilifurahi. Nikasema moyoni, kwaheri kopo, kwaheri ngama, usiku wa leo nitalala kama binadamu.

Dizeli ikaanza kutoka safi. Nikakaza. "Sasa washa!"

Tkh.

Nikafikiri ni betri. Naye akafikiri ni betri. Akabonyeza tena, tkh, kitu hakisogei. Kwenye malori yake, starta ikigoma, mtu anaongeza betri ya pili, na hivyo ndivyo alivyofanya. Nikasikia anaunganisha nyaya, anahema.

"Toa mkono huko!" akaita.

Nikautoa. Akabonyeza. Injini ikajikaza, ikazunguka kidogo tu, ndani yake kukalia mlio wa chuma kupinda, mfupi, kisha kimya. Nilikuwa nimelala karibu nayo kabisa. Ule mlio niliusikia kwenye mbavu zangu.

"Nini hicho?" akauliza kutoka juu.

Nilijua, ila sikutaka kuwa wa kwanza kusema.

Fundi alifika jioni, amechoka, amelowa. Akatutazama usoni. Alifungua zile nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda, akamwambia Dereva aizungushe injini kidogo kwa spana kubwa. Maji yakaruka kwenye matundu, yakampiga fundi kifuani. Akayagusa, akaweka kidole kwenye ulimi.

"Ya bahari," akasema.

Akakaa kwenye ngazi. Alieleza polepole, anamtazama zaidi Dereva kuliko mimi. Injini ikizunguka tu, hata kama haijawaka, pampu inavuta maji ya bahari na kuyapeleka kwenye sailensa. Injini ikiwaka, nguvu ya moshi ndiyo inayoyasukuma nje. Isipowaka, yanaingia hayatoki. Sailensa inajaa, na ikishajaa maji yanarudi nyuma, yanapanda mpaka ndani ya silinda. Pistoni haiwezi kuyabana maji. Ukiilazimisha, kinachopinda ni chuma.

"Ndiyo maana mtu akipiga starta muda mrefu anafunga kwanza koki inayoingiza maji ya bahari. Nyinyi hamkuwa mnafunga?"

Tukatazamana. Koki ile Dereva alikuwa ameifunga waya, ibaki wazi daima. Zamani aliisahau imefungwa, injini nusura ichemke, akaapa hatasahau tena.

"Lori halina koki ya bahari," akasema.

Fundi akakuna kichwa. "Lakini mzee, mimi nimekuona unavyoiwasha. Mkono wako kwenye starta ni mrefu. Kwa tabia hiyo injini hii ingekuwa imekufa siku ya kwanza mliyoinunua. Iko wapi ile sailensa ya zamani?"

Nikamletea. Akaigeuza, akaliona tundu, akaingiza kidole gumba.

"Maji yalikuwa yanatokea hapa," akasema. "Kila mlipoipiga starta, yaliyozidi yanamwagikia kwenye ngama. Hili tundu ndilo lililokuwa linawaokoa."

Nilikaa sakafuni pale pale kwenye grisi. Maji niliyoyachota miaka yote ile, kopo kwa kopo, na mgongo uniume, ndiyo yaliyokuwa yakituwekea nyumba juu ya maji. Na tundu nililolitukana, mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyolitoa ikaweka kitu kizima mahali pake. Nilikaza zile klipu mbilimbili! Nilijivunia!

Fundi alisema konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni, imepinda, injini ni ya kufunguliwa yote, na vipuri vya injini ya umri ule havipatikani kwa kwenda dukani. Akasema pole. Akaichukua tochi yake akaondoka, na nilimsikia akitembea gatini muda mrefu kabla hajaenda zake.

Hapo ndipo nilipomgeukia mume wangu. Nilimwambia yote. Mwanamume mzima huwezi kungoja mtu siku moja! Umezoea porini, unadhani kila kitu ni lori! Dada yako alisema kweli, sema tu alikosea mchawi! Nilipiga kelele mpaka watu wa mashua ya jirani wakazima redio yao, sijui kwa heshima au wasikie vizuri. Yeye alikuwa anafunga zile nozeli moja moja, anazikaza sawasawa, kama vile kuna atakayeiwasha injini.

"Sema kitu basi!"

"Niseme nini, mke wangu?" akajibu. "Umeshasema."

Ningependa angenirudishia. Angesema tu, wewe si ndiye uliyekuwa unasema endelea? Hakusema, na tangu hapo sijapata pa kuiweka hasira yangu.

Afisa alikuja na karatasi zake chini ya kwapa. Shikamoo zake zote alizitoa, akajua kutoka nyusoni mwetu. Dereva akasimama mbele yake, amevaa shati safi.

"Mwanangu, upepo upo. Nitapandisha tanga, nitaipeleka mpaka kwenye boya na kuirudisha hapa hapa, bila kuikwaruza. Itakuwa imetembea."

"Naamini mzee. Lakini wamesema injini."

"Ni mashua ya tanga hii."

"Najua mzee."

"Kwa hiyo mashua ya tanga haina ruhusa ya kwenda kwa tanga."

Kijana akatazama viatu vyake. Alisema angekuwa yeye mkubwa angeturuhusu. Sikumchukia. Nilitafuta ndani ya roho yangu mtu wa kumchukia nikakosa, nikabaki na uzito tu, kama mtu aliyeshiba chakula kibovu. Akatupa mpaka alasiri tutoe vyombo vyetu.

Wifi akaja na pikapu ya kuazima. Nilikuwa nimejiandaa kwa ulimi wake, nimepanga na majibu. Alivua viatu, akashuka ndani ya mashua kwa mara ya kwanza tangu tuinunue, akatazama rafu, kitanda, mapazia niliyoshona. Akashika pazia moja kati ya vidole.

"Palikuwa pazuri, wifi," akasema.

Bora angenitukana. Nilimpa masufuria abebe ili atoke, nisije nikaanguka mbele yake. Tulitoa magodoro, tulitoa jiko, tulitoa taa. Vitu vyetu vikawekwa juu ya saruji ya gati, kwenye jua, kila mpita njia anavihesabu kwa macho. Nyumba ya mtu ikitolewa nje inaonekana takataka, hata kama ndani ilikuwa inapendeza.

Boti ya kuvuta ikafika na jamaa wawili. Mmoja akarusha kamba, akaita, "Ikivutwa bila mtu itayumba, itagonga za wenzenu! Nani wa kushika usukani?"

Dereva alikuwa ameshapanda. Alishapita nyuma, ameshakaa, mkono uko kwenye usukani.

"Njoo tuipeleke," akaniambia.

"Siwezi," nikasema.

"Njoo bwana."

"Siendi! Huko wanakokwenda kuivunja mimi nikafanye nini? Nikashike nyundo?"

Hakunibembeleza. Kamba ikakaza, mashua ikageuza pua polepole, ikapita katikati ya vyombo vya watu. Mume wangu alikaa ameunyosha mgongo, anatazama mbele, anasahihisha usukani kidogo huku, kidogo kule. Watu wa gatini wakasimama kutazama. Mtu aliyetokea sokoni asijue habari zetu angedhani ni bwana mkubwa anaondoka na chombo chake. Nilisimama pale mpaka mlingoti ukajichanganya na milingoti ya ng'ambo nikashindwa kuujua ni upi.

Wifi alinishika kiuno. Sikuutoa mkono wake. Chumba chetu kilikuwa kimeshafagiliwa kwake, cha nyuma, dirisha lake linatazama ukuta, na nilijua humo ndimo tutakamozeekea, sisi na godoro letu la kukatwa kwa umbo la mashua lisiloingia kwenye kitanda cha mtu yeyote.

Jua lilikuwa bado lipo aliporudi. Alirudishwa na ile ile boti ya kuvuta, amekaa pembeni peke yake, suruali imelowa mpaka magotini. Wakampa mkono akapanda gatini. Nilikuwa nimepanga kutozungumza naye mpaka kesho, lakini nilipouona uso wake nikamsogelea.

"Mbona mmechelewa?" nikamwuliza.

"Nilikuwa naifunga." Akajipangusa mikono kwenye shati. "Kule kuna ukuta wa mawe, na kamba zao mbovu. Nikaweka zetu, mbili mbele, mbili nyuma. Na matairi nikaning'iniza ubavuni. Yule mtu wa kuvunja akanicheka, akasema wanaianza kesho asubuhi, matairi ya nini."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia usiku upepo unageuka," akasema mume wangu, "isije ikagonga ukuta ikaharibika."

Nikamwambia amefanya vizuri.